Mafuta ya breki yanatoka bila mapovu, lakini pedali bado ni laini: hewa imejificha wapi?

“Nilibadilisha kalipa zote mbili za mbele (vile vifaa vinavyozibana pedi kwenye diski) pamoja na mipira yake ya kupitishia mafuta na pedi. Kalipa ya pili ilichelewa kupatikana, kwa hiyo mfumo ulikaa wazi usiku kucha, na asubuhi nikakuta kitangi cha mafuta ya breki kimekauka kabisa. Nilijaza mafuta mapya, nikatoa upepo kwenye magurudumu yote manne nikianza na lile lililo mbali zaidi, na nimeshairudia kazi hiyo mara tatu. Mafuta sasa yanatoka safi bila povu hata moja. Hata hivyo pedali inakwenda karibu na sakafu. Nikiipampu haraka mara mbili au tatu inapanda na kuwa ngumu, kisha nikiiacha kidogo inarudi kuwa laini. Mtu mmoja ameniambia masta silinda, ile inayosukuma mafuta pedali ikikanyagwa, imekufa, na mwingine anasema niendeshe tu, upepo utatoka wenyewe barabarani. Gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge breki zikikanyagwa kwa nguvu), na breki za nyuma ni za dramu. Nianzie wapi?”

Anza kwa kuliacha gari hilo palepale lilipo. Nalitanguliza hili kwa sababu pedali inayoamka baada ya kupampuliwa humdanganya dereva: inampa hisia kwamba breki zipo, ilhali siku atakapohitaji kusimama ghafla hatakuwa na nafasi ya kukanyaga mara tatu. Breki hupimwa kwa mkanyago wa kwanza tu, na mkanyago wako wa kwanza unafika karibu na sakafu.

Ninavyoielewa hofu yako, umefanya kila ulichofundishwa, mafuta yanakuonyesha kwamba kazi imekamilika, na pedali inakuonyesha kinyume chake. Katika ubishi huo iamini pedali. Mafuta kutoka bila mapovu huthibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba hakuna hewa inayopita kwenye njia ile inayoelekea kwenye skrubu ya kutolea hewa uliyoifungua. Hayathibitishi kwamba hewa imekwisha ndani ya mfumo. Hewa ni nyepesi, hupanda na kukaa mahali palipo juu kuliko pengine, na kama tundu la kutokea liko chini ya mahali hapo, mafuta yatapita chini yake siku nzima yakiwa safi kama maji ya chemchemi, nayo hewa isitikisike.

Ili uone kwa nini hewa kidogo inaleta usumbufu mkubwa hivi, fikiria kinachotokea unapokanyaga. Pedali husukuma pistoni ndani ya masta silinda, pistoni husukuma mafuta, na kwa kuwa mafuta hayabonyei kwa kiasi cha kuonekana, msukumo huo hufika kwenye kalipa na silinda za nyuma papo hapo. Hewa haiko hivyo, ukiibana, inajikunja. Chukua masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22, ambacho ni kipimo cha kawaida katika magari madogo. Eneo la pistoni yake ni kama sentimita 3.8 za mraba. Sasa chukua povu lenye ujazo wa mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Shinikizo likifika mara 10 ya lile la hewa inayotuzunguka, povu hilo hubaki nusu mililita, kwa hiyo pistoni imelazimika kusukuma mililita 4.5 za mafuta kwa kazi ya kulikunja povu peke yake. Huo ni mwendo wa milimita 12 hivi ndani ya masta silinda, na kwa kuwa pedali ni wenzo ambao mara nyingi huzidisha mwendo kwa takriban mara 4, mguu wako unakuwa umeshuka karibu sentimita 5 kabla ya pedi kuanza kuibana diski ipasavyo. Kijiko kimoja cha chai kinatosha.

Kupampu nako kuna maelezo yake. Unapoachia pedali na kuikanyaga tena upesi, masta silinda huvuta mafuta mengine kutoka kwenye kitangi kabla yale ya mkanyago wa kwanza hayajarudi yote, hivyo kiasi cha mafuta kilichoko kwenye mabomba kinaongezeka, povu linabaki limekunjwa, na pedali inapanda. Ukisubiri, mafuta ya ziada yanarudi kwenye kitangi, povu linajinyoosha, na unarudi ulikoanzia.

Kuhusu ushauri wa kuendesha ili upepo utoke wenyewe, naomba usiufuate hata kwa mwendo wa kwenda kuliosha gari. Povu lililonaswa juu ya pistoni ya kalipa halina njia ya kupanda hadi kwenye kitangi, kwa sababu lingelazimika kushuka kwanza, kupita kwenye mpira na bomba refu jembamba, kisha kuvuka masta silinda, huku mafuta yakisogea kiasi kidogo tu kwenda na kurudi kila unapokanyaga. Litakaa hapo hapo, na joto la breki litalitanua.

Madai kwamba masta silinda imekufa yanastahili kupimwa badala ya kubishaniwa, na kipimo chenyewe hakigharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka msaada wa busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) uishe, ipampu pedali hadi iwe ngumu, kisha ishikilie kwa nguvu ileile kwa muda wa dakika moja. Ikibaki palepale bila kuzama, sili za ndani ya masta silinda zinashika na hakuna uvujaji mkubwa. Tatizo lako ni hewa au nafasi iliyozidi mahali fulani. Ikizama polepole chini ya mguu, kagua kwanza maungio yote uliyoyagusa. Tazama hasa ile bolti yenye tundu inayounganisha mpira na kalipa, kwa kuwa washa zake mbili za shaba zinatakiwa ziwe mpya, na washa ya zamani iliyokwisha kubanwa mara moja huvujisha kijasho chembamba ambacho mtu hakioni mpaka apitishe kidole. Kama pote ni pakavu na pedali bado inazama, basi masta silinda inavujisha ndani kwa ndani, na aliyekuambia imekufa atakuwa amesema kweli.

Jambo hilo linawezekana kwako kwa sababu ambayo huenda hukuifikiria. Katika maisha ya kawaida pistoni ya masta silinda hutembea sehemu fupi tu ya njia yake, na sehemu iliyobaki hukusanya uchafu na kutu. Anayetoa hewa kwa kukanyaga pedali mpaka sakafuni huzipeleka sili kwenye sehemu hiyo chafu, zikakwaruzwa. Ndiyo maana mimi huweka kipande cha ubao chini ya pedali katika kila gari lenye umri, ili mguu wa msaidizi usifike mwisho.

Kabla hatujaifuata hewa, tuliondoe kwanza suala la dramu za nyuma. Viatu vya breki, vile vinavyoibana dramu kwa ndani, vikiwa mbali nayo, pedali husafiri sana hata kama mfumo hauna hewa, na ikipampuliwa hupanda pia. Tofauti yake unaihisi mguuni: pedali yenye hewa inadunda kama sponji, ilhali pedali yenye nafasi iliyozidi inakwenda mbali na kisha inagota ghafla kwenye kitu kigumu. Katika magari ambayo breki ya mkono huvuta viatu hivyohivyo vya nyuma, ivute vizuri kisha kanyaga. Kama pedali imesimama juu zaidi kuliko mwanzo, rekebisha viatu kabla ya kupoteza chupa nyingine ya mafuta. Kwa kuwa wewe hukugusa nyuma, na ulaini umeanza baada ya kazi ya mbele, silipi jambo hili uzito mkubwa, lakini ni dakika mbili tu.

Sasa nifike kwenye kile ninachokishuku zaidi. Lala chini na tochi uzitazame kalipa zako mpya. Ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, yenye kifuniko cha mpira, iko upande gani? Inatakiwa iwe juu, mahali pa juu kabisa pa silinda ya kalipa. Kalipa ya kushoto na ya kulia hufanana kama pacha, na katika magari mengi ya kushoto huingia kulia bila ubishi wowote: bolti zinakubali, mpira unafika, pedi zinakaa. Kinachobadilika ni kwamba skrubu ya hewa inageukia chini. Hapo hewa inakaa juu ya silinda kwa raha zake, mafuta yanaingia na kutoka chini yake, na wewe unaona mafuta safi bila povu, sawasawa na ulivyonieleza.

Niliwahi kuletewa gari ambalo wenye nalo walikuwa wamelipigania siku mbili, wakaliwekea masta silinda mpya na kumaliza chupa kadhaa za mafuta. Nilipoinama kwenye gurudumu la kwanza niliona kifuniko cheusi cha skrubu kikichungulia ardhini, kimelowa vumbi na mafuta. Tulizibadilisha kalipa upande kwa upande, tukatoa hewa upya, na povu la kwanza lilipotoka lilikuwa refu kiasi cha kujaza mrija wote wa plastiki kutoka kwenye skrubu hadi chupani. Pedali ilisimama juu siku hiyohiyo. Tangu hapo, mtu akiniambia amebadilisha kalipa na pedali ni laini, swali langu la kwanza ni hilo la skrubu. Mara nyingi utakuta herufi L au R imechorwa kwenye chuma cha kalipa, lakini herufi hiyo ni msaada tu. Kinachoamua ni skrubu kuwa juu. Baadhi ya wajuzi huifungua kalipa na kuishika kwa mkono skrubu ikiwa juu, wakiwa wameweka ubao wenye unene wa diski katikati ya pedi ili pistoni isichomoke, wakatoa hewa namna hiyo na kuirudisha palepale ilipokuwa. Hewa itatoka, nakubali, lakini mpira unaweza kubaki umejipinda, na atakayeshika gari hilo baadaye ataangukia shimo lilelile. Rudisha kila kalipa upande wake.

Kama skrubu ziko juu tayari, basi tunaangalia ule usiku ambao kitangi kilikauka. Kitangi kikibaki kitupu, hewa huingia kwenye masta silinda yenyewe, na ukianza kupampu huisukuma mbele hadi kwenye kitengo cha ABS. Hewa ya masta silinda unaweza kuitoa ikiwa hapo hapo kwenye gari: zungushia matambara chini yake, msaidizi akanyage taratibu, legeza ungio la bomba moja linalotoka kwenye masta silinda kwa robo ya mzunguko, ruhusu mafuta na mapovu yatoke, kaza, ndipo pedali iachiwe. Rudia hadi pasitoke povu, kisha nenda kwenye ungio la pili. Watu wengi huiruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye magurudumu, kisha povu la masta silinda linawasumbua tangu asubuhi hadi jioni.

Kitengo cha ABS ni jambo jingine. Ndani yake mna vali na vyumba vidogo ambavyo mafuta hayavipitii breki zinapofanya kazi kwa kawaida. Hufunguka pale tu ABS inapoamka. Hewa ikiingia humo, hutaitoa kwa kukanyaga pedali hata ukimaliza ndoo ya mafuta, kwa sababu mlango wa chumba umefungwa. Inahitajika kompyuta ya kupimia gari yenye uwezo wa kuamrisha pampu ya ABS izunguke na vali zifunguke, kisha hewa itolewe kwenye magurudumu kama kawaida. Wapo wanaoendesha gari mahali patupu na kufunga breki kwa nguvu ili ABS iamke na kuitema hewa hiyo. Kwa gari ambalo pedali yake ni laini, hilo ni hatari na silishauri. Hewa ikitemwa, inatemwa ndani ya mabomba, si nje, kwa hiyo kazi ya kuitoa inabaki palepale.

Ukirudia kazi kwenye magurudumu, namna ya kuifanya ina uzito kuliko idadi ya marudio. Inua gari, liegemeze kwenye stendi imara, usilitegemee jeki. Tumia spana ringi inayoingia sawasawa kwenye skrubu, kwa maana spana iliyolegea huila pembe zake na skrubu ya hewa ni laini. Vika mrija wa plastiki unaopenyeza nuru, uupandishe kwanza juu ya skrubu kabla ya kuushusha chupani, na ncha yake izame kwenye mafuta safi, ili kama kitu kitarudi nyuma yawe ni mafuta wala si hewa. Msaidizi akanyage pole pole na kushikilia. Mkanyago wa pupa hulivunja povu moja kubwa kuwa mamia ya vipovu vidogo vinavyong’ang’ania kuta za silinda. Wewe fungua, tazama, funga, ndipo yeye aachie. Hapa nina ombi dogo: msitumie maneno “fungua” na “funga” mnapoitana. Aliye chini ya gari na aliye ndani ya gari husikiana kwa shida, na maneno hayo mawili yakifunikwa na bati hufanana. Mguu ukiachiwa skrubu ikiwa wazi, umevuta hewa mpya ndani. Mimi na msaidizi wangu husema “kanyaga” na “achia” tu, na kila mmoja hulirudia neno la mwenzake kabla ya kutenda.

Igonge kalipa kwa upole kwa nyundo ya mpira katikati ya kazi, ili vipovu vilivyoganda ukutani vipande. Kitazame kitangi baada ya kila mikanyago mitano au sita, maana kikiisha mara moja tu unarudi mwanzo wa safari. Kuhusu mpangilio, kuanza na gurudumu lililo mbali na masta silinda ni kanuni ya zamani na hufaa katika magari mengi, ila yapo ambayo mabomba yake yamegawanywa kimshazari, mbele kushoto pamoja na nyuma kulia, ambayo watengenezaji wake wanataka mpangilio tofauti. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Kama huna msaidizi, fungua skrubu moja, legeza kifuniko cha kitangi, na uyaache mafuta yadondoke kwa uzito wake. Ni njia ya polepole lakini ni ya kuaminika. Pampu ya kufyonza ni ya haraka, ila huvuta hewa kupitia nyuzi za skrubu yenyewe, ukaona mapovu yasiyokwisha ambayo hayakuwa ndani ya mfumo tangu mwanzo.

Hukunitajia aina ya mafuta uliyotumia, nami siwezi kuliacha hilo. Soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha kitangi. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii moja ya glaikoli, na viwango vinazitaka zikiwa mpya zisichemke chini ya nyuzi 205, 230 na 260 za Selsiasi kwa mfuatano huo; DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo, ingawa namba yake inafanana sana na 5.1. Zile za glaikoli hunyonya unyevu wa hewani, na DOT 3 iliyokwisha kunywa maji kwa asilimia 3.7 hivi inaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 140 tu. Ikichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa. Kwa hiyo fungua chupa mpya, usiitikise, usirudishe kwenye kitangi mafuta uliyoyatoa hata yakionekana masafi, na usijaribu kabisa mafuta ya injini au ya usukani, kwa sababu huvimbisha sili zote za mpira. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, osha kwa maji mengi mara moja.

Ukimaliza, pedali isimame juu kwa mkanyago wa kwanza injini ikiwa imezimwa. Ukiwasha injini huku umekanyaga, itashuka kidogo. Huyo ni busta anaanza kazi, na wengi hulidhania tukio hilo kuwa ni hewa wakaanza upya bila sababu. Mwambie msaidizi akanyage kwa nguvu zake zote wakati wewe unakagua kila ungio, kisha lijaribu gari mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pedi mpya zinaweza kuifanya pedali ikose ule uimara kamili hadi zitakapozoeana na diski, lakini haziwezi kuipeleka karibu na sakafu.

Mwite fundi mwenye kompyuta, aje alipo gari au livutwe kwenda kwake, ikiwa skrubu ziko juu, masta silinda imetolewa hewa, magurudumu manne yametolewa hewa kwa namna niliyoeleza, na pedali bado inadunda. Wakati huo ninashuku kitengo cha ABS. Fanya hivyo pia ikiwa pedali inazama chini ya mguu uliotulia, ikiwa taa ya breki au ya ABS haizimiki, au ikiwa gurudumu lolote limelowa kwa ndani. Na kama gari lako ni la mseto au la umeme, ambalo shinikizo la breki hutengenezwa na pampu ya umeme, usifungue skrubu yoyote kabla ya kumpata mtu mwenye kifaa chake, kwa sababu pampu hiyo inaweza kuamka yenyewe mikono yako ikiwa kwenye breki.

Anza na tochi kwenye kalipa za mbele, na uniandikie skrubu umezikuta zimeelekea wapi.